Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya jambo ninalolijua vyema. Wenzangu wengi wataandika juu ya ukame, mitihani, na urafiki baina ya wavulana na wasichana. Mimi nimeamua kuandika juu ya kamera. Najua wapo watakaoguna na kusema, "Kamera? Ati kamera! Si kila simu ina kamera siku hizi?" Ngojeni kidogo jamani. Subira huvuta heri.

Kamera ninayoizungumzia si ya simu. Wala si ile ndogo ya filamu nyembamba ya milimita 35 ambayo wapiga picha wa harusi walizoea kuining'iniza shingoni. Ni kamera ya filamu pana, ile inayoitwa namba 120. Kampuni ya Kodak ilianza kuuza filamu hiyo mwaka 1901 kwa ajili ya kamera yake ya kisanduku iliyoitwa Brownie, na zaidi ya miaka mia moja baadaye bado inatengenezwa. Upana wake ni kama sentimita 6, nayo huviringwa pamoja na karatasi mgongoni ili mwanga usipenye. Mohamed Amin, yule mpiga picha mashuhuri aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kufariki katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro mwaka 1996, alianza na Brownie ya mtumba akiwa bado mvulana wa shule. Kwa hivyo msidharau visanduku.

Tuliosoma hisabati na tupige hesabu. Picha moja ya filamu nyembamba ina upana wa milimita 24 na urefu wa milimita 36, yaani milimita mraba 864. Picha ya mraba ya filamu pana ni milimita 56 kwa 56, yaani milimita mraba 3,136. Ni zaidi ya mara tatu na nusu! Sasa, ukitaka kuikuza picha iwe kubwa kama kalenda ya ukutani, ile ndogo itabidi uivute sana mpaka ianze kuonyesha chembechembe kama uji uliokorogwa vibaya. Ile pana haivutwi sana, kwa hivyo hubaki laini. Nyuzi za leso huonekana. Mikunjo ya uso huonekana. Hata mtu aliyekaa nyuma akipiga miayo huonekana!

Lakini mimi sikuvutwa na hesabu. Nilivutwa na msiba.

Umau wangu, yaani babu kwa lugha ya Kikamba, alifungua studio sokoni Kibwezi mwaka 1974. Siku hizo hakukuwa na wilaya iitwayo Makueni. Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye dirisha kubwa upande mmoja, pazia lililochorwa mlima na mnazi, stuli moja, na kioo cha wateja kujitazamia. Kamera yake ilikuwa Yashica-Mat 124G, iliyotengenezwa Japani. Ilikuwa na macho mawili, moja juu ya jingine. Jicho la juu lilikuwa la mpiga picha kutazamia, na la chini ndilo lililopiga.

Sheria ya vitambulisho ilipobadilishwa mwaka 1978 ili wanawake nao waandikishwe, akina mama wengi wa kwetu walipigwa picha kwa mara ya kwanza maishani. Wengine walivuka mto Athi kutoka upande wa Kitui wakaja kwa umau wamevaa leso zao mpya. Susu, yaani nyanya yangu, alipigwa yake mwaka 1979. Yeye husimulia kwamba wanawake wengi waliogopa. Walikuwa wamezoea kuona kitu cha chuma kikielekezwa usoni pale tu askari anapokuwa na bunduki. Lakini umau hakuielekeza kamera yake usoni mwa mtu. Aliishika tumboni, akainamisha kichwa na kuchungulia kwa juu. "Alituinamia," susu husema, "kama kijana anayewaamkia wakubwa."

Mwaka 1993 umau aliiuza Yashica ile. Mama yangu alikuwa amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, nao wateja wa studio walikuwa wamepungua. Picha za rangi zilizooshwa kwa mashine mijini zilikuwa zimewateka watu. Aliuza kamera, akauza stendi yake ya miguu mitatu, akauza hata stuli. Kitu kimoja tu hakukiuza: mkebe mkubwa wa biskuti uliojaa negativu zilizofungwa katika karatasi, kila karatasi ikiwa na mwaka ulioandikwa kwa penseli.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Umau alipoaga dunia mwaka 2019, tulitafuta picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Mtu huyo aliyekuwa amewapiga picha wakazi wa soko zima hakuwa na hata moja nzuri ya kwake! Mwishowe tulikata uso wake kutoka kwa picha ya harusi iliyopigwa kwa simu. Ilipokuzwa, macho yalikuwa vidoa viwili vyeusi. Watu walipita mbele ya jeneza wakitazama vidoa. Picha nyingine za miaka yake ya mwisho, zile akicheka na wajukuu, zilikuwa ndani ya simu ya mama. Mwaka 2021 simu hiyo iliibwa kituoni wakati wa kugombania matatu. Zikaenda. Zikaenda kabisa, kama maji ya mto wa msimu mwezi wa Agosti.

Desemba 2023 tulikuwa tukisafisha nyumba ya susu, nikaufungua ule mkebe. Niliinua negativu moja dhidi ya dirisha. Alikuwa susu wa mwaka 1979, msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, ambaye bado hakuwa susu wa mtu. Mjomba aliipeleka Nairobi ikachapwa kubwa. Nawaambieni, baada ya miaka 44 katika joto la Kibwezi, unaweza kuzihesabu shanga za shingoni mwake moja moja! Mama alilia. Susu hakulia. Aliisogeza picha karibu na jicho lake la kushoto, maana lile la kulia lina ugonjwa wa mtoto wa jicho, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hii ilikuwa ya kitambulisho. Ni ya serikali. Sasa nataka yangu."

Mama akamwambia, "Mwaitu, tutakupiga na simu leo leo."

Susu akajibu, "Ya simu iko wapi ile ya babu yao?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Hapo ndipo nilipopiga moyo konde kwamba nitatafuta kamera ya filamu pana, nimpige susu picha yake angali anaweza kuiona.

Kusema ni rahisi, kutenda ndiyo kazi. Pesa ningetoa wapi? Nilikuwa na shilingi 9,500 nilizozipata kwa kusuka na kuuza vyondo likizo mbili mfululizo. Mama aliuza magunia mawili ya ndengu akaniongezea. Mjomba naye, baada ya kubembelezwa kama bibi harusi, akakamilisha hadi shilingi 28,000. Likizo ya Aprili 2024 akanichukua hadi Nairobi kwa fundi mmoja mzee wa kamera, karibu na barabara ya River Road. Chumba chake kilikuwa kidogo kama kibanda cha kuku, na kila ukuta ulijaa lenzi, skrubu na magurudumu madogo madogo.

Nilimwamkia, kisha nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba kutoka Kibwezi: "Mzee, kamera nzuri kuliko zote za filamu 120 ni ipi?"

Alinitazama juu ya miwani yake. "Msichana, usiniulize hivyo. Kwanza niambie unampiga nani. Pili, unampigia wapi. Tatu, hiyo filamu utainunua na pesa za nani baada ya mimi kumaliza pesa zako?"

Mjomba akacheka. Mimi sikucheka. Nilitoa daftari nikayaandika maswali hayo matatu, maana niliona yana hekima kuliko vitabu vingi.

Fundi aliweka mezani kamera tatu.

Ya kwanza ilikuwa Mamiya RB67. Lo! Hiyo si kamera, ni mtambo. Modeli hii ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1970 kwa ajili ya watu wa studio. Picha yake ni pana kuliko mraba, karibu sentimita 6 kwa 7. Sehemu ya nyuma yenye filamu huzungushwa, kwa hivyo ukitaka picha ya kusimama au ya kulala hupindui kamera. Lenzi hubadilishwa. Tena haihitaji betri hata moja. Mjomba aliipenda papo hapo. "Kama ni kununua, nunua kitu!" akasema. "Hii ni mashine, mama! Hata ukiipeleka matangani watu watajua mpiga picha amefika." Niliinyanyua. Uzito wake unazidi kilo mbili, yaani kama pakiti ya unga wa ugali na maziwa yake. Nikakumbuka safari yangu ya kutoka shuleni Kitui hadi nyumbani: matatu hadi Mutomo, halafu Ikutha, kuvuka Athi, mpaka Kibwezi, nikiwa na sanduku mapajani. Nikakumbuka pia kwamba mtambo huu hutaka stendi ya miguu mitatu, na kila roli ya filamu hutoa picha 10 tu. Kwa bei ya roli niliyoambiwa siku hiyo, shilingi 1,800, kila picha ingegharimu shilingi 180 kabla ya kuoshwa.

Ya pili ilikuwa Lubitel 166B, iliyotoka Leningrad wakati Muungano wa Sovieti ulipokuwa bado upo. Nayo ina macho mawili, lakini mwili wake ni wa plastiki, mwepesi kama mkebe mtupu. Bei yake, shilingi 6,000, ilinifanya nitabasamu. Nilipochungulia nikaacha kutabasamu. Kioo cha kutazamia kilikuwa na giza, hasa pembeni, na kupatanisha ukali wa picha kulihitaji kuvizia kidoa kidogo katikati. Namba ya picha husomwa kupitia kidirisha chekundu mgongoni. Fundi aliniambia waziwazi, "Kwa jua la kwenu Ukambani, hicho kidirisha ukikisahau wazi utakuja kunililia." Lakini pia akaitetea: "Lenzi yake ni ya glasi, si mbaya hata kidogo. Mwanafunzi asiye na haraka anaweza kujifunzia na kupata picha safi."

Ya tatu mmeshaibashiri. Ilikuwa Yashica-Mat 124G, dada wa ile ya umau. Niliishika, na mikono yangu ikawa kama inamsalimu mtu wa ukoo. Lakini moyo usinunue, macho ndiyo yanunue. Fundi alinifundisha jinsi ya kuichunguza, nami nawafundisha ninyi bure.

Kwanza, fungua mgongo wa kamera, fungua tundu la lenzi kabisa, mulika kwa tochi, na uangalie kama kuna kuvu. Kuvu huonekana kama utando wa buibui, na kamera zilizokaa Pwani penye unyevu huwa nayo mara nyingi. Pili, sikiliza shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kujifunga kupitisha mwanga. Weka kwenye sekunde moja, bonyeza, na uhesabu. Mafuta yakiganda, shata hukokota kama punda aliyechoka. Tatu, zungusha mkono wa kuvutia filamu. Usikwaruze wala usikwame. Nne, katika modeli hii, angalia kibao cha kukandamiza filamu mgongoni kimewekwa upande wa picha 12, si wa 24, maana upande wa 24 ni wa filamu ya namba 220. Tano, angalia sponji zinazozuia mwanga kwenye kingo za mlango. Zikizeeka huwa kama lami iliyoyeyuka, lakini hizo hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Yashica ile ilifaulu yote isipokuwa kitu kimoja: kipima mwanga chake kilikuwa kimekufa. Kilitengenezwa kutumia betri ndogo ya zebaki, na betri za zebaki ziliondolewa madukani kwa sababu ya sumu. Mjomba akakunja uso. Fundi akapunguza bei hadi shilingi 22,000, kisha akasema, "Kwenu jua linawaka miezi mingapi kwa mwaka? Basi hilo ndilo kipima mwanga chako." Akanifundisha kanuni ya zamani: jua likiwa kali na vivuli vyeusi, weka tundu la lenzi kwenye namba 16, na shata kwenye sehemu ya sekunde inayokaribiana na kasi ya filamu. Filamu ya kasi ya 125, shata 1 kwa 125. Ukiingia kivulini penye mwanga, fungua tundu mara tatu: 11, 8, 5.6. Basi. Hesabu hiyo haihitaji betri.

Nikayarudia maswali yake matatu daftarini. Nampiga nani? Susu, mama mzee asiyependa kuelekezewa vitu usoni. Wapi? Uani, chini ya mwembe, katika vumbi na joto, mahali ambapo kamera nzito ingetaka punda wake. Filamu kwa pesa za nani? Zangu, na Yashica hunipa picha 12 kwa roli, shilingi 150 kila moja. Nilipoishika tumboni na kuinamisha kichwa, nilimwona mjomba ndani ya kioo, kulia kwake kukiwa kushoto, maana kioo hicho hugeuza upande. Alikuwa ameacha kujishikilia kama mtu anayepigwa picha. Alikuwa mjomba tu. Hapo nikaelewa maneno ya susu. Kamera nyingine humfanya mtu ajikaze kwa sababu uso wa mpiga picha umefichwa nyuma ya chuma. Hii humwacha amwone mpiga picha utosini, ameinama, na mtu aliyeinamiwa hana la kuogopa.

"Nachukua hii," nikasema. Mjomba akashusha pumzi ya huzuni, akaiaga Mamiya yake kwa macho.

Pesa zilizobaki zilinunua roli mbili za filamu nyeusi na nyeupe ya kasi ya 125 na tangi la plastiki la kuoshea, kisha nauli.

Sasa nije kwa walimu wetu, maana bila wao hadithi hii ingekomea kabatini. Mwalimu wetu wa Kemia aliposikia nina filamu, alituambia kwamba maabara yetu ina chupa ya thaiosulfeti ya sodiamu, ile tunayoitumia katika majaribio ya kasi ya mmenyuko. Kumbe ndiyo dawa ileile ambayo wapiga picha huitumia kukaza picha isiendelee kubadilika! Na dawa ya kuidhihirisha picha je? Mwalimu alitusimulia kwamba mwaka 1995 mhadhiri na wanafunzi wake wa chuo kimoja cha Rochester, Marekani, waligundua kwamba kahawa ya kopo ikichanganywa na kaboneti ya sodiamu inaweza kuosha filamu. Wengine baadaye wakaongeza vitamini C. Kahawa, jamani! Chumba kilinuka kama hoteli iliyounguliwa na chai.

Shida ilikuwa joto. Vitabu vinataka maji ya nyuzi 20. Maji ya tangi letu la shule mchana yanakaribia kukupikia yai. Tulifanyaje? Tulifanya kama susu zetu walivyofanya. Tulijaza maji katika mtungi wa udongo, tukauweka kivulini penye upepo usiku kucha, na alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 21. Mtungi hutoa jasho, jasho hukauka, maji hupoa. Fizikia hiyo ilikuwa Ukambani kabla ya maabara.

Roli ya kwanza, mnakumbuka, tuliipiga katika ziara ya chama kwenye jiwe la Nzambani. Niliwaambia zipo picha 12 tu, si mia mbili kama za simu. Kumbukeni jinsi mlivyotulia! Kila mmoja alitengeneza kola, na hakuna aliyetoa ulimi. Wala hakuna aliyethubutu kulizunguka jiwe mara saba, tusije tukarudi shule ya wasichana tukiwa wavulana, kama masimulizi yanavyodai. Picha tisa kati ya 12 zilitoka safi, na moja imo katika jarida hili.

Roli ya pili ilikuwa ya susu. Desemba 2024 niliisafirisha ndani ya mkebe uliofungwa kwa kitambaa, mbali na dirisha la matatu, kwa sababu filamu huchukia joto. Susu aliketi chini ya mwembe saa tatu asubuhi. Alikuwa na masharti. Hataki kukaa bure. Atasuka kyondo chake. Hataki kuambiwa acheke. Na leso yake ni ile ya buluu, hata kama picha haina rangi, kwa sababu yeye atajua. Niliweka tundu 5.6, shata 1 kwa 60, nikainamisha kichwa.

"Hivyo hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya."

Aliposema hivyo aliniangalia, nami nikabonyeza. Shata ya kamera hii haipigi kelele. Husema "tiki" kama saa ya mkononi. Yeye aliendelea kungoja. "Bado?" akauliza. "Tayari, susu." "Ai! Mwanawakwa, umekuwa mwizi!"

Nilimpiga picha saba. Zilizobaki tano nilimpiga mama, mjomba na majirani. Negativu zilipokauka, fundi wa Nairobi alichapa mbili kubwa. Susu alizisogeza kwenye jicho lake la kushoto, moja baada ya nyingine. Ile ya kwanza, ambayo ametazama mbele wima, aliniambia niiweke kwa siku ile ambayo sote tunaijua. Ile ya pili, ambayo mikono inasuka na macho yananiangalia, alisema itundikwe ukutani mbele ya kitanda chake, kwa sababu siku ya mazishi yeye hatakuwapo kuiona. Negativu zote 12 zimo katika ule mkebe wa biskuti, juu ya zile za mwaka 1979, nami nimeandika mwaka kwa penseli.

Wasomaji wapenzi, wanaanga wa Apollo 11 walipofika mwezini Julai 1969 walikuwa na kamera ya Hasselblad, iliyotengenezwa Uswidi, nayo hupiga picha ya mraba kama yangu. Walipoondoka, ili kupunguza mzigo, waliiacha kamera kulekule mwezini wakarudi na filamu pekee. Umau naye aliiuza kamera akabaki na mkebe. Walijua kipi ni cha thamani.

Basi, ikiwa kuna mwenzangu anayetaka kununua kamera ya filamu pana, asiulize kwanza ipi inasifiwa. Ajiulize atampiga nani. Aone kama anaweza kuibeba, kuilisha na kuitengeneza akiwa hapa kwetu Kitui au kule Makueni. Kwa kazi ya studio, ambapo mtu hahami, Mamiya ingemshinda Yashica yangu mchana kweupe. Kwa mwenye pesa kidogo na subira nyingi, Lubitel inatosha. Kwa susu wa Kibwezi, ilifaa inayoinama.

Likizo ijayo, kabla hamjasahau, waulizeni wazee wenu kama wana picha wanayoipenda wenyewe. Wakisema hawana, nijulisheni mapema, maana roli moja ni watu 12 tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasalaam.